Picha Iliyokataa Kufunguka

"Ukichomoa ile waya, umemuua Onésime mara ya pili."

Hapo ndipo tulipoachana. Ngalula, aliyesema hayo, kwenye mkeka nje ya mlango ulio wazi; ndani, Merdi amepiga magoti mbele ya kompyuta ya sebuleni, vidole vimeshika waya wa interneti. Wiki nzima mmenisumbua mkiuliza kama Merdi aliuchomoa. Msomaji mmoja wa komini ya Kenya, hapa hapa mjini, amenitukana mpaka na mama yangu. Haya, poleni, kaeni chini.

Hakuuchomoa. Si papo hapo.

Na wewe uliyeanza kusoma leo, usijali, hujachelewa. Onésime ni mfanyabiashara wa jumla, mtu wa Butembo, anayekaa hapa Lubumbashi, mtaa wa Naviundu. Alikwenda Goma kufuata mzigo. Goma ikaanguka mikononi mwa waasi, simu zikakatika, na tangu hapo hakuna aliyesikia sauti yake. Mkewe Ngalula, binti wa Wakasai aliyezaliwa hapa hapa, aliiacha kompyuta ya nyumbani ikiwaka mchana na usiku, akingoja neno la mumewe. Wenyewe waliiita mashini.

Neno lilikuja. Lilikuwa la msiba.

Sasa turubai limefungwa uwanjani, wanawake wanasonga bukari, ugali wetu, na nyuma ya nyumba kuna beseni la maji na wembe ndani yake. Jua likishuka, mama mkwe Germaine atamnyoa Ngalula nywele mbele ya ukoo. Wembe ukishapita kichwani, yeye ni mjane, na kwa watu wa ukoo ule hakuna kurudi nyuma.

Ngalula alikuwa ameomba kitu kimoja tu: aone picha ya maiti kwanza. Picha ilitumwa pamoja na habari, lakini ilikataa kufunguka. Basi akaletewa Merdi, mtoto wa ndugu yake Onésime, mwalimu wa informatique, somo la kompyuta, aifungue. Merdi alipofika akaona jambo lingine kabisa.

"Mama Abigaël," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wake kama desturi, "angalia hii taa. Hakuna mutu anagusa mashini, lakini inawakawaka tu. Iko inatuma kitu."

"Iko inangojea bwana yangu."

"Haingojei mutu. Inatuma mesaje. Mingi sana."

"Basi iko inaongea naye."

Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi. Tangu habari ifike hakuwa amelia hata kidogo, na wanawake wa Naviundu walishaanza kunong'ona. Wangemuuliza angewaambia ukweli: hakusikia kitu moyoni. Alikuwa anasubiri kusikia kitu, na kitu hakiji.

Hapo mlango wa uwanja ukasukumwa.

Aliyeingia ni Claudine, jirani wa ng'ambo ya barabara, kitambaa cheusi kichwani. Yeye pia alikuwa na turubai lake. Mdogo wake Dieumerci alikuwa Goma kama Onésime, na habari ya msiba wake ilifika siku moja na ile ya Ngalula. Tangu siku hiyo waombolezaji wanavuka barabara huku na huku wakila kwenye matanga mawili.

"Ngalula!" Claudine alifoka, simu mkononi. "Juu ya nini unanitumia msiba? Wangu haukunitosha?"

"Miye sikutuma kitu."

"Hukutuma? Basi soma. Jina ya nani hii?"

Émile, kaka mkubwa wa Onésime, aliipokea simu akasoma kwa sauti. Ujumbe ulikuwa umeingia dakika ile ile.

"Tumepatwa na msiba mkubwa. Fungua uone picha ya marehemu."

Kisha akasoma jina la aliyetuma, na simu nusura imdondoke.

Aliyetuma ni Onésime.

Eh, Mungu wangu! Uwanja mzima ulisimama. Mama mmoja alipiga kelele kwamba ni mzimu. Shemasi mmoja akaanzisha wimbo bila kujua ataishia wapi. Nami nawaambia, jamani, mzimu hauna haja ya interneti.

"Nyamazeni kidogo," Merdi alisema. "Hakuna mzimu. Baba mudogo Onésime alifungulaka compte yake, ile ya kutuma mesaje, mu hii mashini, na hakuifunga wakati alienda. Sasa mashini imeshikwa."

"Imeshikwa na nani?" Émile aliuliza.

"Na mutu iko mbali. Pengine hatutamujua hata siku moja. Aliingiza programu yake ndani, na sasa mashini iko na babwana babili. Mama Abigaël anaona picha ya batoto pa kioo, kumbe huko ndani inafanya kazi ya ule mwingine. Yeye iko na mashini mingi namna hii, mu nyumba za bantu mu dunia yote. Anaziambia tuma, zinatuma. Kila mutu anafungula ile picha, na yeye anashikwa. Na yake inatuma kwa bengine."

Émile si mtu mjinga, na si mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, maana mzigo wa matanga ulikuwa mabegani mwake. Alifikiri, kisha akauliza swali ambalo wenye akili zao wote pale hawakuwa wameliuliza.

"Na ule mutu wa mbali, alijua namna gani kama ndugu yangu alikufa?"

Merdi aliuacha waya. Akamgeukia.

"Ba Émile," alisema polepole, "ile mesaje ya kwanza, ya kifo, ilitoka kwa nani?"

"Kwa Laurent. Si alikuwa naye kule Goma? Bote babili ni bacommerçants, bantu ba biashara, balisafiri pamoja."

"Uko nayo? Soma."

Émile alitoa simu yake mwenyewe. Alitafuta. Mama wa bukari aliacha kusonga.

"Tumepatwa na msiba mkubwa," alisoma. "Fungua uone picha ya marehemu."

"Endelea."

"Imeisha."

"Inataja nani?"

"Inataja..." Émile aliinua simu karibu na macho. Akaishusha. Akaiinua tena. "Haitaji mutu."

"Picha?"

"Ilikatala kufunguka. Kwa bote ilikatala."

"Basi jina ya Onésime ilitoka wapi?"

Msomaji, lilitoka kwao. Ndiyo, kwao wenyewe. Laurent yuko Goma, Onésime yuko Goma, Laurent anatangaza msiba: nani mwingine? Mmoja alisema "Onésime!", wa pili akaanguka chini, wa tatu akatuma habari kwa ukoo, na jioni turubai lilikuwa limesimama. Hakuna aliyerudi kuusoma ujumbe. Nani anarudi kusoma msiba mara mbili?

Na msinicheke kwamba walikuwa wajinga kufungua. Wewe hapo, tangazo la msiba likiingia kwenye simu yako, utaliacha? Mji huu tunaujua. Usipofungua msiba wa mwenzako, siku ya msiba wako utalia na kuta. Aliyetunga mtego ule, popote alipo, alipata chambo kinachotufaa sisi barabara.

"Miye ninafundishaka batoto pa masomo," Merdi alisema, na uso ulimshuka. "Kila siku ninabaambia: kitu haukulomba, usifungule, hata kama kinatoka kwa mutu unamujua. Ulizeni kwanza, pigeni simu. Na hii, miye mwenyewe nilifungula. Niliona 'msiba', kidole kilienda."

Mama aliyekuwa anasonga bukari alisogea, mwiko bado mkononi.

"Na miye niko nayo," alisema. "Niliwaza ni mujomba wetu."

"Na miye," alisema mwingine.

Mwanamume mmoja karibu na ukuta alikaa chini. Ukoo wake ulikuwa umeshamtuma mtu Mitwaba kupeleka habari ya kifo cha baba yao, na barabara ile ya Mitwaba wakati wa mvua mnaijua. Mjumbe alikuwa njiani, na simu yake haipatikani.

Ndivyo mji ulivyokuwa mwezi ule. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake asiyejulikana alipo, na ujumbe usio na jina ulipofika, kila nyumba iliweka jina lake.

"Basi iko muzima!" Émile alimshika Merdi bega. "Ndugu yangu iko muzima!"

"Sikusema vile, ba Émile. Nimesema hatujui."

Furaha ikazimika pale pale. Hawajui. Walirudi palepale walipokuwa kabla ya turubai, na nadhani ilikuwa vibaya zaidi, kwa sababu sasa walikuwa wamechoka kulia.

Jua lilikuwa limefika juu ya ukuta wa jirani.

"Chomoa," Ngalula alisema.

Wote waligeuka.

"Chomoa ile waya. Nilikuwa nawaza ni mulango yake ya kuingilia. Kumbe ni mwizi njo anapita."

Merdi alichomoa. Taa ile ndogo iliwaka mara ya mwisho, ikafa. Hakuna kilichotokea. Ngalula aliitazama, akajitazama kama kuna kitu kinamuuma, hakukiona.

"Haikukuwa na kinga?" Émile aliuliza. "Onésime alilipaka ile antivirus, ninajua."

"Ilikuwa nayo," Ngalula alijibu. "Kila asubuhi inaandika pale chini: nipe ruhusa nijitengeneze, nitazima na kuwaka tena. Miye ninaifunga. Nilisema ikizima, na yeye akiandika saa ile ile, atakuta hakuna mutu."

Mlinzi alikuwa anaomba dakika chache za kunoa panga, na mwenye nyumba hakumpa kwa sababu ya mapenzi.

Merdi alisimama juu ya kiti, akawa mwalimu tena.

"Sikieni bote. Mashini itasafishwa kesho, tutaanza upya. Maneno ya siri tutayabadilisha mu telefone safi, si mu hii. Lakini compte ya baba mudogo bado iko mu mikono ya mwizi. Pengine itatuma tena kutoka fasi ingine. Basi kila mutu atoe telefone, atafute jina ya Onésime, abloke, amufungie njia. Kwa muda tu."

Na wakafanya. Nimeona mazishi mengi, lakini sijaona kitu cha namna ile. Watu wa ukoo mzima wameinamisha vichwa chini ya turubai, kila mmoja anatafuta jina lile lile, anafinya, anamaliza, anaweka simu mfukoni. Wajomba, mashemeji, watoto wa shule. Émile alifanya akiwa amefumba jicho moja. Ngalula alifanya kama mtu anayezima taa ya jikoni.

Merdi aliuliza kama wote wamemaliza. Walisema wote.

Walisema uongo, lakini hawakujua.

Jua lilishuka nyuma ya ukuta. Wazee wa ukoo walikaa pembeni wakasemezana. Kama hawajui, wafanye nini? Turubai limesimama, watu wamekula, habari imefika mpaka Butembo. Mmoja akasema matanga hayaondolewi bila kunyoa. Mwingine akasema huenda mtu ni mzima. Wa kwanza akajibu: tangu Goma ianguke, mtu mzima angekosaje kupiga simu hata moja?

Hilo lilishinda. Bibi Germaine aliitwa na wembe wake.

Alikuja polepole, beseni mkononi, maji yakimwagikia miguu. Alimlea Onésime peke yake na hakutaka kazi ile, kila mtu alimwona. Aliweka beseni kando ya mkeka. Alishika kichwa cha mkwewe. Kisha akasimama hivyo hivyo, wembe hewani.

"Émile," alisema. "Kitu kinatetemeka mu kikwembe yangu."

"Mama, maliza kwanza."

"Kinatetemeka."

Émile alifungua fundo la kikwembe, kitenge alichojifunga mama yake. Ndani mlikuwa na simu ya zamani ambayo Onésime alimwachia mama yake. Bibi hakujua kuibonyeza zaidi ya kupokea, na hakuna aliyekumbuka kwamba anayo. Émile alitazama kioo, akarudi nyuma hatua moja.

"Ni ile virusi," alisema. "Jina ya Onésime. Ninafuta."

"Usifute!" Merdi alimrukia. "Mashini ya hapa imezimwa."

"Wewe mwenyewe ulisema inaweza kutokea fasi ingine!"

"Nilisema. Soma tu, usifungule kitu. Kuko picha? Inalomba ufungule kitu?"

Émile alisoma kimya. Midomo yake ilicheza.

"Hailombi kitu," alisema.

"Soma kwa sauti."

"Mama, ni miye. Nimeandikia bote, hakuna mutu ananijibu. Kuko nini ku nyumba?"

Hapo kelele zilianza. Huyu analia, huyu anacheka, yule anasema ni mwizi amejifunza ujanja mpya, afutwe haraka. Émile alikuwa ameshika simu mbali na mwili kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. Alimtazama Merdi, na Merdi, mwalimu mzima, hakujua.

Ngalula alisimama.

Jamani, mjane hasimami kwenye mkeka kabla ya kunyolewa. Wanawake walimvuta nguo, akaitoa mikononi mwao.

"Merdi, ule mwizi anajua nini?"

"Anajua kila kitu kiliandikwa mu mashini."

"Na kitu hakikuandikwa?"

"Hawezi kujua."

"Basi muulizeni aliniaga namna gani siku alisafiri."

Watu walitazamana. Hilo kila mtu alilijua. Ngalula alikuwa amewasimulia waombolezaji wote: Onésime alimwaga mlangoni, akamshika mkono, akasema "baki vizuri". Wanawake walikuwa wamelilia sana lile "baki vizuri". Mmoja alikuwa ameshalitungia wimbo.

Émile aliandika. Ilichukua muda. Bibi Germaine hakuwa ameshusha wembe.

Simu ilitetemeka.

"Sikumuaga," Émile alisoma. "Alikuwa analala. Nilimufunika na blangeti ya Abigaël, nikatoka."

"Ni uongo!" wanawake walipiga kelele. "Ni mwizi! Alimuaga pa mulango, tunajua bote! Futa!"

"Ni yeye," Ngalula alisema.

"Lakini weye mwenyewe ulituambia..."

"Mulinisumbua na maulizo. Nilisema kitu cha kusema." Alimgeukia mama mkwe. "Niliamuka na blangeti ya mutoto juu yangu. Sikuambia mutu. Hata yeye sikumuuliza."

Bibi Germaine alimtazama machoni. Kisha alichukua beseni, akamwaga maji yote chini, wembe ukaangukia matopeni. Alikwenda kujikalia peke yake nyuma ya nyumba, na tulisikia kilio chake huko, kikubwa.

Ngalula yeye hakulia. Alivuta kiti, akakaa juu ya kiti mbele ya ukoo wote.

"Nipeni bukari," alisema.

Wakampa. Alikula na sombe, mboga ya majani ya muhogo, tonge baada ya tonge, na kila mtu alimtazama akila. Alisema baadaye kwamba tonge la tatu ndilo alilosikia lina chumvi.

Ujumbe mwingine uliingia. Onésime yuko Kilwa. Alizunguka nchi za watu, akapitia Zambia, akavuka ziwa la Mweru kwa mtumbwi wa wavuvi. Simu yake iliibiwa, hii ni ya kuazima, ameingilia humo compte yake. Barabara imekatika kwa mvua, lakini atakuja. Na Laurent naye, Onésime alimwacha mzima. Émile alisoma hayo yote akipiga makofi kati ya maneno, mpaka Merdi akampokonya simu isianguke.

Nyimbo zilibadilika. Wanaume walianza kulegeza kamba za turubai. Kila aliyekuwa na ujumbe usio na jina alikuwa anautafuta, anauonyesha, anakumbatiwa.

Claudine alikuwa bado amesimama pale kwenye mlango wa uwanja. Wote walikuwa wamemsahau.

Polepole alikivua kile kitambaa cheusi. Alikikunja vizuri, akakiweka kwapani. Nilimwona anatabasamu, na ilikuwa mara ya kwanza tangu habari ifike.

"Merdi, mutoto yangu," aliita. "Ya kwangu pia ilikuwa vile. 'Tumepatwa na msiba.' Miye sikufika mwisho, nilitupa telefone chini. Ni bengine njo balisema ni Dieumerci, juu alikuwa Goma. Angalia basi. Miye ninaogopa kusoma."

"Lete, mama."

Merdi alikuwa bado anacheka na mtu mwingine alipoipokea. Aliupita ule ujumbe wa leo uliotoka kwenye mashini ya Ngalula. Alishuka chini, chini zaidi, mpaka siku ile ya kwanza.

Haukuwa na picha. Haukumwomba mtu afungue chochote. Uliandikwa na mtu, kwa vidole vyake na haraka yake, na herufi mbili zilikuwa zimeruka.

Ng'ambo ya barabara, watu wa Claudine walikuwa wamesikia nyimbo. Walishapanda juu ya ukuta na walikuwa wanafungua kamba za turubai lake, wakiimba nao.

"Si njo ile ile?" Claudine aliuliza.

Merdi alisoma tena. Ulikuwa na jina: Dieumerci.